Mji Usioonekana Daftarini

Katika nyumba moja ya wageni iliyoko upande wa juu wa mji wa Voi, mahali ambapo msafiri aliyelala chali usiku husikia kwa sikio moja ngurumo za malori yateremkayo Mombasa na kwa sikio la pili ukimya mzito wa mbuga ya Tsavo, kuna daftari kubwa la jalada jeusi juu ya meza ya mlangoni, nalo limepigwa mistari kwa rula na kugawanywa safu tano: tarehe, jina, nambari ya kitambulisho, utokako na uendako. Safu ya nne ndiyo yenye mapengo mengi. Madereva, ambao hutoka kila mahali na hawatoki popote, huiruka bila kusita. Wageni wa harusi hutia vile vistari viwili vidogo vyenye maana ya "kama hapo juu", hata pale ambapo hapo juu hapakuandikwa neno. Na mzee mmoja aliyefika usiku wa mvua aliandika "mbali", akaenda zake kulala. Mwenye nyumba, mama wa makamo ambaye wanawe wawili walipita mikononi mwangu zama nilipokuwa nikisomesha hesabu, hakutaabishwa na mapengo hayo hata siku moja, kwa sababu yeye mwenyewe aghalabu huwapo mlangoni, na kila pengo anaijua nasaba yake.

Taabu ilianza alipopata daftari la pili. Kijana mmoja fundi wa tovuti alimtengenezea kurasa zenye picha za vyumba, bei, ramani ya kutoka stesheni na fomu ya kuweka nafasi, akamfungia pamoja nazo huduma ya takwimu ya Google Analytics, akapokea ujira wake, kisha akahamia mji mwingine, na nambari yake ya simu nayo ikahama. Tangu hapo ripoti huingia katika barua pepe kila Jumatatu. Mama aliisoma kwa miezi miwili na ustahimilivu wa mtu asomaye barua ya wakili, hata siku moja akaniita.

"Mwalimu, hebu niangalilie hapa," alisema, akinisogezea simu na kikombe cha chai kwa pamoja. "Hii ripoti yasema hakuna mtu wa Voi aliyefungua tovuti yangu mwezi mzima. Na mimi mwenyewe huifungua kila asubuhi. Kwani mimi si mtu?"

Nikavaa miwani. Miji ilikuwa imepangwa kwa wingi wa wageni wake: Nairobi juu kabisa, Mombasa ikifuata, na wa tatu ulikuwa mji usiokuwamo katika ramani yoyote niliyopata kuitundika ubaoni, ambao jina lake ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyofungiwa katika mabano, na maana yake kwa lugha yetu ni "haikuwekwa". Voi haimo. Nilipozitazama ripoti nyingine nikaukuta mji huo wa mabano umetanda kila pahala kama magugu baada ya mvua za vuli: ukurasa wa kwanza aliouingilia mgeni, haikuwekwa, aina ya chumba alichokitazama, haikuwekwa, chanzo cha mgeni aliyelipa, haikuwekwa.

Yafaa hapa nieleze jambo ambalo nililirudia darasani mpaka wanafunzi wakanitungia jina kwa ajili yake, nalo ni kwamba sifuri na tupu si ndugu, ingawa nyuso zao hufanana. Neno sifuri tulilipokea kwa Waarabu, na kwao asili yake ni utupu wenyewe. Lakini hesabu imekwisha kulipandisha cheo likawa jibu kamili. Ukimwuliza karani jana walilala wageni wangapi akakujibu sifuri, amekupa habari, na waweza kuinunulia unga au kuacha kuununua. Akikuonyesha mstari usioandikwa kitu, hakukwambia kwamba hawakuja watu. Amekwambia kwamba hakuandika, na kati ya mawili hayo pana umbali wa kutosha kumfilisi mfanyabiashara. Mama alikuwa ameisoma tupu kwa hesabu ya sifuri, na kwa kusoma hivyo alikuwa karibu kuling'oa bango lake la barabarani, akidhani kwamba wenyeji hawana haja naye.

Sasa, huyu karani wa tovuti ni karani wa namna gani? Hana macho. Katika kila ukurasa kumetiwa kipande kidogo cha programu ambacho, ukurasa ufungukapo katika simu ya mtu, hutuma salamu fupi kwenda kwa mwenye huduma ya takwimu: nimefunguliwa, saa fulani, katika simu ya aina fulani, na aliyenifungua ametoka katika kiungo fulani. Kila salamu huitwa tukio, na matukio yanayofuatana ya mtu mmoja hukusanywa yakaitwa ziara. Google ilikichukua chombo hiki mwaka 2005 kwa kuinunua kampuni iliyoitwa Urchin, na kabla ya mwaka huo kwisha ikawa inakigawa bure, ndiyo maana leo nyumba ya vyumba vichache Voi hutumia daftari la namna ile ile inayotumiwa na mahoteli makubwa ya pwani. Walakini karani huyu huandika alichoambiwa tu. Akiletewa tukio lisilotaja chumba, ilhali ripoti ina safu ya chumba, hawezi kuchungulia mlangoni kama afanyavyo mama. Huandika kwamba haikuwekwa, na kwa haki ni lazima tumsifu, kwa maana makarani wengi wa damu na nyama wangebuni.

Nikaanza na Voi, kwa kuwa ndiyo iliyomuuma mwenye nyumba. Mji wa mgeni hausemwi na mgeni. Hukisiwa kutokana na anwani ya intaneti ambayo simu yake imeazimwa kwa wakati ule, na anwani hizo ni mali ya kampuni za simu, ambazo huwapitisha wateja wao wengi katika milango michache mikubwa, na milango hiyo, katika nchi yetu, aghalabu hujulikana kuwa iko Nairobi. Basi mtu aketiye Mwatate akaifungua tovuti kwa bando lake la simu, na mwingine aliye sokoni Taveta, na mama mwenyewe anywaye chai Voi, wote huvikwa kanzu ya Nairobi wakaingizwa daftarini kwa mji wasiolala; na pale ambapo anwani haikuweza kunasibishwa na mji wowote, ndipo huandikwa kwamba haikuwekwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu katika kaunti ya Taita Taveta watu 340,671, kila mmoja mlangoni pake. Karani wa mabano akiwahesabu watu hao hao kwa simu zao, sehemu kubwa yao huhamia mji mkuu bila kupanda basi.

"Kwa hiyo mimi ni mtu wa Nairobi," mama akasema.

"Kwa mujibu wa ripoti, naam."

"Basi bei zangu nazo zipande."

Hilo halikuwa na dawa upande wetu. Mengine yalikuwa nayo, na hapa nataka kusema kidogo juu ya namna ya kulifuata pengo, kwa maana nimewaona watu wenye elimu kunizidi wakilikabili kwa kubomoa kila kitu na kuanza upya, jambo ambalo huzaa mapengo mapya juu ya yale ya kale. Shahidi wa kwanza wa kuulizwa ni tarehe. Pengo lililokuwapo tangu siku ya kwanza lina mzazi mmoja. Pengo lililozuka ghafula Jumanne fulani lina mzazi mwingine, na aghalabu yule wa pili ni mtu aliyeugusa ukurasa Jumatatu jioni. Na ikiwa pengo ni la leo au jana tu, usilifuate. Huduma hiyo yenyewe husema kwamba huenda ikahitaji saa 24 hadi 48 kuyapanga matukio yake sawasawa, na nimekwisha kuona mtu akikesha akitengeneza jambo ambalo lingejitengeneza asubuhi.

Tulipoipanga safu ya chumba kwa tarehe, mambo yalibainika mara moja. Siku zote za mwanzo zilikuwa tupu kabisa, kisha kuanzia siku moja majina ya vyumba yakaanza kuonekana, lakini kwa nusu tu. Sehemu ya kwanza ilikuwa na maelezo mepesi: kigezo cha namna hiyo, ambacho mwenye tovuti hujibunia mwenyewe, hakisomeki katika ripoti mpaka kisajiliwe, na usajili haurudi nyuma, yaliyotumwa kabla ya siku ya usajili hubaki bila neno hata mwisho wa dahari. Fundi alikuwa amekitia kigezo katika kurasa, akasahau kukisajili, akakumbuka baada ya majuma matatu. Sehemu ya pili ilitugharimu alasiri nzima. Nilizifungua kurasa za vyumba moja baada ya moja, nikilitazama lile dirisha la ukaguzi ambalo huonyesha matukio yakiingia pale pale yanapotokea, na kila kitu kilikwenda sawa mpaka nilipofika katika vyumba vya familia. Huko kigezo kiliandikwa kwa herufi kubwa, Chumba, na kwingineko kote kwa herufi ndogo, chumba. Kwa msomaji ni neno moja. Kwa mashine hayo ni maneno mawili, na la pili halikusajiliwa, kwa hiyo familia zote zilizotazama vyumba vya familia zilikuwa zimetazama kitu kisicho na jina. Nilikumbuka wanafunzi niliowanyima alama kwa kosa la ukubwa huo huo, na nikawaombea radhi kimoyomoyo.

Pengo la ukurasa wa kwanza lilinipendeza zaidi, kwa kuwa ndani yake mna safari. Mtu ameketi katika treni ya reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Inapoondoka Nairobi anafungua tovuti ya nyumba yetu, anasoma bei, anaiacha simu wazi mapajani na usingizi unamchukua. Kanuni ya kawaida ya karani ni kwamba dakika 30 zikipita bila tukio lolote, ziara imekwisha. Treni imepita Emali, imepita Kibwezi. Karibu na Mtito Andei abiria anaamka, anausukuma ule ukurasa juu kwa kidole akitafuta nambari ya simu. Hapo karani hufungua ziara mpya, lakini katika ziara hiyo hakuna ukurasa uliofunguliwa, maana ulikwisha kufunguliwa zamani; kuna kusukuma tu. Ukimwuliza mgeni huyu aliingilia mlango gani, hana la kujibu: hakuingia, alikuwa ndani amelala. Pengo la namna hii haliponywi kwa kurekebisha kitu, wala halina dhara likiwa dogo. Mwenye tovuti aweza kuurefusha muda wa ziara akitaka, lakini mimi nilimshauri mama amwache abiria wake alale.

Juu ya fedha hatukuweza kuwa wapole namna hiyo. Ripoti ilisema kwamba malipo ya tovuti yalikuwa haba, na katika hayo machache, chanzo cha walipaji wengi hakikuwekwa. Mama akafungua taarifa ya M-Pesa ya mwezi ule ule, nasi tukaziweka pamoja mezani kama hati mbili za shamba moja lenye mgogoro. Taarifa ya M-Pesa ilikuwa na malipo mengi kupita ripoti. Kenya imezoea M-Pesa tangu mwaka 2007, na mazoea hayo ndiyo yaliyokuwa mzizi wa hitilafu: mteja hujaza nambari yake katika fomu, kisanduku cha kutia nambari ya siri huibuka katika simu, hutia, ujumbe wa malipo humfikia, moyo wake hutulia, naye hufunga kila kitu. Lakini fundi alikuwa amekiweka kile kipande cha kuhesabu malipo katika ukurasa wa shukrani, ule usemao ahsante karibu sana, ambao hufunguka baada ya hayo yote. Na Mkenya aliyekwisha kupata ujumbe wa M-Pesa hangoji kushukuriwa na mtu.

Naona fundi aliligundua hilo kabla hajahama, kwa kuwa tulikuta amejaribu kulitibu: seva yenyewe, baada ya kupata hakika ya malipo, ilituma tukio kwa karani bila kuungoja ukurasa. Tadbiri hiyo ni nzuri, ila iliharibika kwa upungufu mmoja. Tukio hilo halikubeba nambari ya ziara ya mgeni, na kwa kutoibeba, lilifika kwa karani kama barua isiyo na jina la mpelekaji. Fedha zikahesabiwa, lakini aliyezileta hakujulikana kama alitoka katika utafutaji wa Google, au katika ukurasa wa Facebook, au wapi. Mpwa wangu, ambaye ni bingwa wa mambo hayo, aliongeza mistari michache ya kuihifadhi nambari ile wakati mteja ajazapo fomu na kuituma pamoja na malipo. Kuanzia juma lililofuata safu ikaanza kujaa. Ya nyuma yakabaki kama yalivyo.

Sikuwa na hoja ya kumtuliza mama juu ya hayo ya nyuma, kwa hiyo nikamsimulia habari ya simba.

Kila mtoto wa kaunti hii anazijua habari zao. Mwaka 1898, penye mto Tsavo, mwendo wa takriban kilomita 50 kutoka Voi kwa njia ya Nairobi, simba wawili wasio na manyoya ya shingoni waliwavamia wajenzi wa daraja la reli muda wa miezi mingi, mpaka mhandisi John Henry Patterson alipowaua wote wawili mwezi wa Desemba. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 aliwataja Wahindi 28 walioliwa, hesabu yenye kusimama wima kabisa; na pembeni yake akawataja Waafrika ambao, kwa maelezo yake mwenyewe, hawakuwekewa kumbukumbu rasmi. Hapo ndipo mkono wangu hutetemeka kila nisomapo. Wahindi walikuwa na mkataba, mshahara na mstari katika daftari la reli, kwa hiyo alipokufa mmoja wao mstari wake ulipigwa kalamu. Mwenyeji aliyeliwa njiani kwenda mtoni hakuwa na mstari wa kupigwa. Karani wa reli hakumficha kwa makusudi, yamkini. Daftari lake halikuwa na safu yake tangu lilipopigwa rula.

Baadaye Patterson alilijaza pengo hilo kwa kutaja watu 135, na idadi hiyo ikatembea duniani, kwa kuwa idadi kubwa ina miguu mirefu. Ngozi na mafuvu ya simba hao zilinunuliwa na jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago, mwaka 1924, na mwaka 2009 wataalamu waliyachunguza manyoya na mifupa yao, ambamo chakula cha mnyama huacha alama yake, wakakadiria kuwa simba wale wawili walikula watu wapatao 35. Sisemi kwamba hilo ndilo neno la mwisho. Linalonivutia ni njia waliyoifuata: kwa kuwa daftari lilinyamaza, hawakuligombeza wala hawakulibunia maneno, walimwendea shahidi wa pili, asiyejua kusoma wala kuandika, ambaye hakuna mtu aliyemwagiza ashuhudie.

"Na sisi simba wetu ni nani?" mama akauliza.

Simba wetu alikuwa ni kumbukumbu za seva. Mashine inayohifadhi tovuti huandika, kwa hesabu zake yenyewe, kila ombi la ukurasa liletwalo kwake, hata kama kipande cha takwimu hakikufanya kazi, hata kama mgeni ametia programu ya kuzuia matangazo ambayo humfunga mdomo karani. Kumbukumbu hizo hazijui mambo mengi, na zimejaa nyayo za mashine za kutafuta ambazo si wageni, lakini zilitosha kuonyesha kwamba katika majuma yale matupu vyumba vya familia vilitazamwa sana kuliko vingine vyote. Mama aliijua habari hiyo tangu zamani, kwa njia ya mashuka.

Ziko tupu nyingine ambazo sikutaka kuzigusa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imempa mtu haki ya kuulizwa, na haki ya kuulizwa ni bure ikiwa haina ndani yake haki ya kukataa. Mgeni akibonyeza kwamba hataki kufuatwa, mstari wake ukiwa mtupu, huo si upungufu wa daftari bali ni ridhaa iliyonyimwa, na anayetafuta ujanja wa kuijaza tupu hiyo anafanya kazi ya kuchungulia madirishani. Kadhalika ripoti zenye umri na jinsia huficha mistari pale ambapo watu ni wachache hata wakaweza kutambulika mmoja mmoja. Katika nyumba kubwa ya Nairobi jambo hilo halionekani. Katika nyumba ya Voi mwezi wa Mei, watu ni wachache kweli kweli.

Ikabaki ile ya kwanza, ya mji. Mama hakukubali kuwa mtu wa Nairobi. Aliamuru fomu ya kuweka nafasi iongezwe swali moja, mwisho kabisa, lisilo la lazima: unatoka wapi? Mpwa wangu alilitia, tukalisajili, tukahakikisha herufi zote ni ndogo, tukangoja siku mbili kama inavyotakiwa. Siku ya tatu aliingia mtu wa kwanza kuijaza fomu mpya, akaandika jina lake, nambari ya simu, chumba cha watu wawili, usiku mmoja. Swali la mwisho alilipita.

Mama aliitazama ripoti, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akaipiga ile nambari. Walizungumza kitambo, wakaulizana habari za mvua na za mtu mmoja ambaye wote wawili walimfahamu. Alipokata simu alisimama dirishani.

"Ni wa Sagalla, Mwalimu," alisema, akiuonyesha kwa kidevu mlima uliokuwa mbele yetu, wenye wingu kileleni. "Kwao si ndiko kule?"